Acheni hiyo -y!

Huku Tiwi ni joto tu, na joto la huku mmeshachoka kunisikia nikililalamikia. Kwa wageni wa ukurasa huu: Tiwi yangu ni ya Oman, kando ya bahari kati ya Quriyat na Sur, si Tiwi yetu ya Kwale. Mama bado huwaambia majirani kwamba binti yake muuguzi yuko Tiwi, nao humuuliza mbona basi haonekani hata Idi.

Leo msitegemee picha za Wadi Shab. Leo nina ugomvi, na ugomvi wangu ni na herufi moja. Herufi y, yenye kistari mbele yake, ambayo karibu kila fundi niliyewahi kukutana naye huibandika kwenye amri za Linux. Najua nusu yenu mnataka kufunga ukurasa sasa hivi. Ngojeni kidogo. Shangazi, hata wewe ngoja, maana siku moja utakwenda kupimwa presha na utakuta kompyuta ya mapokezi imepitiwa na fundi wa aina hiyo.

Nianze na kisa. Mhusika ameniruhusu nikieleze mradi nisitaje jina, ingawa nyote mtamjua. Mdogo wangu ndiye fundi wa kompyuta wa kila mtu kuanzia Ukunda hadi Msambweni. Mmoja wa wateja wake ni zahanati ya mtu binafsi, nayo siitaji. Pale mapokezi kuna kompyuta moja ya Ubuntu, na ndani yake ndimo ilimo rejista ya wagonjwa: nani alikuja lini, alipimwa nini, majibu yakawaje. Kompyuta moja tu, jamani.

Jumatatu jioni, mwezi uliopita, alikwenda kuweka programu ya kuchapisha risiti. Programu ikadai Python mpya kuliko iliyokuwepo. Akatafuta mtandaoni, akakuta mtu ameandika kwamba uanze kwa kuondoa ya zamani ndipo uweke mpya. Akanakili, akabandika:

sudo apt remove python3 -y

Wanaojua Ubuntu wameshashika vichwa. Wasiojua, sikilizeni. Programu za Ubuntu na za ukoo wote wa Debian huja kwa vifurushi. (Jamaa wa Tanga, hivi si vifurushi vya bando, msinichanganye.) Kila kifurushi kina wenzake kinachowategemea, nao wana wenzao. Apt ndiye karani anayeshika daftari la nani anamtegemea nani. Ukimwambia aondoe kifurushi kimoja, ataondoa na vyote vinavyokitegemea, kwa sababu kazi yake ni kuhakikisha hakibaki kifurushi kisicho na tegemeo lake. Na python3 ndani ya Ubuntu inategemewa na vitu vingi kuliko mtu anavyodhani, pamoja na kile kifurushi kinachobeba dirisha zima unalolitazama. Karani hakukosea hata kidogo. Alifanya alichoambiwa.

Kwa kawaida karani huyu huonyesha kwanza orodha, kisha huuliza: niendelee? Ile -y mwisho wa amri maana yake ni hii: swali lolote utakalotaka kuniuliza, jibu langu ni ndiyo, usinisumbue.

Basi majina yakapita kwenye skrini kama abiria wa feri ya Likoni asubuhi. Mdogo wangu alikuwa anajibu simu ya mteja mwingine. Alipogeuka, kazi ilikuwa imekwisha. Akazima, akawasha. Skrini nyeusi, maandishi meupe, na mtandao haushiki.

Kesho yake ni Jumanne, siku ya kliniki ya wajawazito. Wauguzi wakarudi kwenye kalamu na daftari, na hilo tu si msiba, sote tumeanzia huko. Tatizo ni yaliyokuwa yamefungiwa ndani. Mama mmoja wa mimba ya wiki 28 alikuwa amesahau nyumbani kijitabu chake cha mama na mtoto. Muuguzi alikumbuka kuwa mmoja wa akina mama wanaokaribia wiki hiyo ana damu ya Rhesus hasi, lakini hakukumbuka ni yupi. Wenzangu wa kazi mnajua maana yake. Mama wa Rhesus hasi anaweza kuhitaji sindano ya anti-D karibu na wiki ya 28, ili mwili wake usije ukatengeneza kinga inayoishambulia damu ya mtoto. Hilo si la kubahatisha. Ikabidi apimwe tena, alipe tena, akae kwenye benchi mpaka saa tisa alasiri. Majibu yakatoka: ni yeye.

Sitatia chumvi. Siku moja haikumdhuru, wala mtoto. Lakini alilipa mara mbili kwa kitu kilichokuwa kimeshaandikwa, umbali wa hatua tatu kutoka alipokaa, ndani ya boksi ambalo hakuna aliyeweza kulifungua. Na sababu yake yote ni kwamba fundi hakutaka kusoma mistari kumi.

Nilipigiwa simu Jumanne usiku, saa nne za huku, saa tatu zenu. "Dada, uko macho?" Sikuwa macho. Kwa wasiojua, mimi na Linux tumejuana tangu chuoni. Mwaka 2010 nilipata mojawapo ya zile CD za Ubuntu zilizokuwa zikitumwa bure kwa posta hadi 2011, nikaiweka kwenye laptopu kuukuu iliyokuwa imejaa virusi, na sijarudi nyuma. Sijawa mtaalamu. Nimekuwa tu mtu aliyeharibu mashine yake mara nyingi akabidi ajifunze kuitengeneza.

Nikamwambia abonyeze Ctrl, Alt na F3, aingie kwa jina na neno la siri, kisha asome faili hili:

less /var/log/apt/history.log

Hapo ndipo aliponyamaza. Apt huandika kila alichofanya, tarehe na saa, amri uliyoitoa wewe mwenyewe kama ulivyoitoa, na mbele ya neno Remove huorodhesha kila alichoondoa. Ni kama faili la mgonjwa wodini, ambalo muuguzi wa zamu ya usiku ameandika kila kitu bila kumficha mtu. Mdogo wangu alinisomea majina mpaka akachoka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ingenionyesha hii kabla."

Ndiyo, mdogo wangu. Ingekuonyesha.

Tulishukuru mambo mawili. La kwanza, apt yenyewe haikuandikwa kwa Python, kwa hiyo karani alikuwa bado yuko kazini. La pili, kuondoa kifurushi hakufuti hifadhidata. Rejista ilikuwa salama pale ilipokuwa. Akaunganisha simu yake kwa waya wa USB, akaomba anwani ya mtandao kwa sudo dhclient, intaneti ikapatikana. Halafu nikamsikia akiandika, na mkono wake ukaenda kulekule kulikozoea: sudo apt install -y... Nikapiga kelele mpaka mwenzangu wa chumba, dada wa Kerala, akaamka akidhani kuna moto.

Tukafanya hivi badala yake:

apt-get -s install ubuntu-desktop

Hiyo -s ndiyo ninayoiombea leo. Ni mazoezi bila mchezo wenyewe. Apt hupiga hesabu zote kama kwamba itafanya kweli, huandika matokeo, kisha huacha kila kitu kama kilivyo. Haihitaji hata sudo. Waliotengeneza apt-get walilipenda jambo hili kiasi cha kulipa majina sita: -s, --simulate, --dry-run, --just-print, --recon na --no-act, yote kazi moja. Majina sita! Na bado watu hawajui hata moja.

Matokeo yake ni mistari inayoanza na Inst kwa kitakachowekwa, Conf kwa kitakachosanidiwa, na Remv kwa kitakachoondolewa. Ukiwa na haraka, na najua mna haraka, tazama hilo la mwisho tu:

apt-get -s remove python3 | grep ^Remv

Kama mdogo wangu angeandika mstari huo Jumatatu jioni, angeona safu ya majina, na kati yake ubuntu-desktop. Sekunde tano. Angeenda zake nyumbani kula wali wa nazi.

Sasa nije kwa ninyi mafundi, maana tangu nimweleze binamu yangu wa Mombasa kisa hiki, nimepata majibu yenu yote, mengine kwa sauti ya WhatsApp ya dakika nne.

Jibu la kwanza: "Linux yenyewe huuliza, hakuna haja ya -s." Huuliza, ndiyo. Huuliza mtu asiyeandika -y. Hata asiyeiandika, tazameni swali lenyewe linavyokuja: [Y/n]. Y ni kubwa. Maana yake ukibonyeza Enter tu, umekubali. Nimewaona watu vidole vyao vinabonyeza kabla macho hayajafika. Kuuliza mtu ambaye ameshaamua kujibu ndiyo si kuuliza.

Mnamkumbuka yule Linus Sebastian wa Linus Tech Tips? Novemba 2021 alionekana kwenye video akijaribu kuweka Steam kwenye Pop!_OS. Kulikuwa na kasoro kwenye vifurushi, naye apt akamwonya kwamba kuweka kitu hicho kutaondoa vifurushi vya lazima, na kama kweli anataka aandike sentensi nzima kwa mkono: Yes, do as I say! Yaani, ndiyo, fanya ninavyosema. Akaiandika. Desktop yote ikaondoka mbele ya mamilioni ya watazamaji. Watu wakamcheka sana, mimi sikucheka. Nilimwona mdogo wangu pale, nikajiona na mimi. Baadaye watengenezaji wa apt walilifuta lile swali la kuandika sentensi. Sasa anayetaka kuondoa vifurushi vya lazima sharti aombe mwenyewe kwa chaguo refu, --allow-remove-essential. Wamejua kwamba binadamu akiwa katikati ya kazi huandika chochote anachoambiwa aandike.

Na kabla hamjaniambia kwamba hata -y hukataa kuondoa vifurushi vya lazima: ni kweli, hukataa. Lakini python3 haimo kwenye orodha hiyo, wala desktop yako. Mashine huweza kuishi bila desktop. Ni mapokezi ya zahanati ndiyo yasiyoweza.

Jibu la pili, ninalolichukia zaidi: "Nimeifanya mara mia, haijawahi kuharibu." Huku kwetu mvua ikinyesha milimani, wadi hufurika ghafla hata kama hapa pwani jua linawaka. Barabara inapokatiza wadi kuna nguzo zilizopakwa nyeupe na nyekundu za kuonyesha maji yamefika wapi, na kuvuka wadi iliyofurika ni kosa la kisheria. Kila mwaka wapo wanaovuka, na wote wamevuka mara mia. Wadi ya jana si ya leo, na kompyuta vilevile. Hazina ya vifurushi hubadilika. Mtu mwingine aliongeza PPA wiki iliyopita bila kukuambia. Mashine ya zahanati si mashine ya kwako nyumbani. Dozi niliyompa mgonjwa jana siwezi kumpa leo bila kutazama figo zake zinasemaje leo, hata kama nimempa kwa siku tisa mfululizo.

Jibu la tatu: "Inachelewesha." Hapa nawaleta kazini kwangu. Kabla sijamchoma mgonjwa insulini, muuguzi wa pili anaitazama sindano: mgonjwa ni huyu? dawa ni hii? kiasi ni hiki? Siku nyingine ni yule dada wa Kerala, siku nyingine Mfilipino au Momani. Hakuna anayeona ametukanwa. Hakuna anayesema "mimi nina digrii". Digrii ninayo, na bado natazamwa.

Au chukueni upasuaji. Kati ya 2007 na 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya usalama wa upasuaji katika hospitali nane: Toronto, Seattle, London, Amman, New Delhi, Manila, Auckland, na Ifakara. Ndiyo, Ifakara ya Tanzania, Morogoro, si mbali na nyumbani. Orodha ina mambo 19 na inasimamisha timu mara tatu: kabla ya nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Kwenye kituo cha pili watu hutaja majina yao na daktari husema kwa sauti anatarajia nini, wapi panaweza kuharibika, damu kiasi gani inaweza kupotea. Hiyo ni -s! Ni kuendesha kazi yote mdomoni kabla ya kuiendesha kwenye mwili. Atul Gawande na wenzake walitoa matokeo Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Kusimama kwa dakika moja hivi. Ninyi mnaniambia sekunde tano zinawachelewesha.

Wapo mtakaonikumbusha Ontario, na mna haki. Mwaka 2014 watafiti wa Kanada walitazama hospitali 101 za jimbo hilo baada ya hospitali hizo kuanza kutumia orodha za aina hiyo, wasione upungufu wa maana wa vifo. Watu bado wanabishana kwa nini. Mimi nimefanya kazi wodini miaka ya kutosha kuwa na maoni yangu: karatasi inayowekewa alama za tiki na mtu asiyeisoma ni Enter tupu. Kwa hiyo siwaombi muongeze ibada moja kwenye kazi yenu. Nawaomba msome kilichoandikwa.

Na hapo nakubali kuna ugumu ambao mafundi wa Ulaya hawauoni. Maneno ya apt tunayasoma kwa Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na wakati ule wengi tulidhani kompyuta nzima itafuata. Haikufuata kwa kasi tuliyoitarajia. Mtoto aliyejifunza ufundi kwenye saiba ya mjomba wake anakutana na ukurasa mzima wa Kiingereza kidogo kidogo na anafanya kile ambacho wagonjwa wangu hufanya na karatasi ya maelezo ya dawa: anaitupa. Basi nawapa mistari miwili tu ya kukariri. Neno REMOVED, lililoandikwa kwa herufi kubwa, maana yake vinavyofuata hapa vinaondolewa. (Kwenye apt mpya, kuanzia 3.0 ya 2025, utaona REMOVING, nayo kwa rangi nyekundu. Angalau wamejitahidi.) Na ule mstari wa hesabu kabla ya swali: vingapi vinasasishwa, vingapi vipya, vingapi vya kuondolewa, vingapi vimeachwa. Ukiona umeomba kuweka kitu kimoja na "to remove" ina namba arobaini mbele yake, simama. Piga simu. Nipigie mimi.

Wabahili wa bando, na mimi ni mmoja wenu, kuna faida nyingine. Toa amri ya kawaida bila -y, na kama kuna vya ziada vya kuvuta, kabla ya kuuliza apt husema ni MB ngapi zitashushwa na diski itajaa kiasi gani. Soma, kisha jibu n. Hujapoteza hata shilingi. Hiyo -s haionyeshi MB, kwa hiyo kwa bando tumieni njia hii ya kujibu n. Nimeona watu wakilia bando la wiki limeisha kwa kuweka programu ya kuchezea muziki iliyokuja na ukoo wake mzima, na swali walilijibu wenyewe.

Sisemi -s ni mwarubaini. Inapiga hesabu kwa orodha ulizoshusha mara ya mwisho ulipofanya apt update. Kama ni za mwezi jana, hesabu ni ya mwezi jana. Haiendeshi yale maandishi yaliyomo ndani ya vifurushi, na huko nako huharibika. Haijui kwamba umeme utakatika katikati ya kazi. Yenyewe hukuonya kuwa ni mazoezi tu. Ndiyo maana kompyuta yenye rejista ya wagonjwa haiguswi kabla nakala ya rejista haijawekwa kwenye diski ya nje, na kabla mtu hajajaribu kuifungua nakala hiyo. Fomu ya ridhaa nayo haizuii damu kutoka. Lakini hakuna daktari mwenye akili anayemwambia mgonjwa atie sahihi kwenye fomu tupu, kwamba yaliyomo yatajazwa baadaye. Hiyo -y kwenye amri uliyoinakili mahali ni sahihi kwenye fomu tupu, na mara nyingi anayelazwa mezani si wewe uliyetia sahihi.

Nakubali pia -y ina mahali pake. Mtu aliyeandika hati ya kuandaa seva hamsini, akaijaribu kwanza kwenye moja isiyo na kazi, hawezi kukaa akibonyeza Y hamsini. Huyo sina neno naye. Ameshatazama.

Hasira yangu kubwa, kusema kweli, si kwa mdogo wangu. Ni kwenu mnaoandika mafunzo mtandaoni na kuweka -y kwenye kila amri ili ukurasa uonekane mwepesi. Mnamjibia mtu msiyemjua, kwenye mashine msiyoiona, kwamba ndiyo. Na wale wa kuandika "bandika hii tu", curl inayomwagwa moja kwa moja ndani ya sudo bash, ndio wabaya zaidi, maana hapo hata hiyo -s hatuna. Faili kama hilo lishusheni kwanza, lifungueni kwa less, lisomeni. Msipolielewa, mwacheni nalo aliyeliandika.

Wa Fedora: dnf mkiipa --assumeno itawaonyesha kila kitu kisha ijikatalie yenyewe. Wa openSUSE mna --dry-run kwenye zypper. Wa Arch mna --print, na mnajua kusoma kuliko sote, kwa hiyo sina la kuwaambia.

Kama mnadhani nakuza jambo la kompyuta moja ya mapokezi, kumbukeni nchi yetu. OpenMRS ilianza 2004, na kufikia 2006 ilikuwa ikitumika Eldoret. KenyaEMR inayotumika kwenye vituo vyetu vya afya imejengwa juu yake, nayo huwekwa juu ya Ubuntu. Matokeo ya vipimo vya shangazi zenu, tarehe za dawa za jirani zenu, chanjo za watoto wenu, vimo ndani ya mashine za aina ileile ambayo mdogo wangu aliizima kwa herufi moja. Na kwenye vituo vidogo anayeitwa mashine ikikwama si mhandisi kutoka Nairobi. Ni kijana wa karibu mwenye flashi disk mfukoni.

Tulimaliza saa nane na nusu za usiku za huku. Dirisha likarudi, rejista ikafunguka, akanitumia picha ya skrini na vidole gumba sita. Yule mama alipata sindano yake hospitali kubwa, na mwenye zahanati alimrudishia pesa za kipimo baada ya mdogo wangu kukubali zikatwe kwenye malipo yake. Hilo sikumwambia alifanye. Alilifanya mwenyewe, na ndiyo sababu hasira yangu kwake imepungua.

Haya, zamu yangu inaanza saa moja na bado sijapiga pasi. Mama, nimepokea salamu, na achari ya embe imefika bila kumwagika. Mdogo wangu, Jumamosi ukienda kuisasisha ile kompyuta, nitumie kwanza picha ya -s. Usiku nitakuwa nyumbani, simu iko wazi.